Jaji Mwelisi Aliyewafungua Wanajuri wa London

Katika historia ya sheria ya Uingereza yako majina ambayo kila mwanafunzi wa sheria, awe anasoma Dar es Salaam, Nairobi au London kwenyewe, hana budi kuyahifadhi, nayo ni kama Coke na Hale, Mansfield na Blackstone. Walakini jina la Sir John Vaughan, Mwelisi aliyezaliwa tarehe 13 Septemba 1603 katika bonde la mto Ystwyth, magharibi ya nchi ya Wales, aghalabu hutajwa upesi upesi kama mwandishi wa hukumu moja tu, kisha likaachwa. Naona kuachwa huko si insafu. Hukumu ile ilikuwa tunda la umri mzima wa kusoma, kubishana na kunyamaza, na mtu aliyeiandika alikuwa na tabia ambayo, kwa kutazamwa juu juu, ingalimzuia asiiandike kabisa. Waliomjua walimshuhudia kuwa na kibri cha elimu kisichofichika, mtu aliyeona ni wachache mno katika zama zake waliostahili kuketi naye wakabadilishana rai. Naye ndiye, katika majaji wote wa wakati wake, aliyeeleza kwa hoja zisizopingika kwamba akili ya mwuza duka wa mjini haiwezi kuamrishwa na akili ya jaji, hata jaji awe mwanachuoni wa namna gani.

Kwao ni Trawsgoed, milki iliyo umbali wa maili chache kutoka mji wa bahari wa Aberystwyth, katika mkoa wa Cardigan, ambako jamaa ya akina Vaughan walikuwa wamekaa vizazi vingi kabla yake. Baba yake alikuwa Edward Vaughan, na mama yake alitoka katika nyumba ya Stedman wa Strata Florida, mahali palipokuwa na monasteri mashuhuri ya watawa hadi Mfalme Henry wa Nane alipoifunga pamoja na nyingine nyingi. Kijana huyu alipelekwa kusoma Worcester, kisha chuo cha Christ Church katika Oxford, na mwaka 1621 akaingia Inner Temple, moja katika zile nyumba nne za London ambamo mawakili wa Uingereza hulelewa mpaka leo. Hapo hakuwa mgeni peke yake, kwa kuwa vijana wengi wa Wales wa tabaka lake walikuwa wakiifuata njia hiyo hiyo, na sababu yake haikuwa fahari tupu.

Sheria zilizopitishwa na Bunge mwaka 1536 na mwaka 1543 zilikuwa zimeiunga Wales na Uingereza kwa utawala na kwa sheria, zikaamuru mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza, na zikaharamisha kushika cheo cha serikali kwa mtu asiyetumia lugha hiyo, ilhali walio wengi wa watu wa nchi walikuwa hawajui ila Kiwelisi. Mkulima wa mkoa wa Cardigan aliyeshitakiwa kwa kuiba kondoo alisimama mbele ya mahakama akahukumiwa kwa maneno asiyoyafahamu mpaka mkalimani amfasirie. Basi mwana wa mwenye ardhi aliyetaka kuilinda ardhi ya wazee wake, sembuse kuiongeza, ilimpasa aijue sheria ya Waingereza kuliko Waingereza wenyewe. Vaughan aliijua, na aliitumia pia kwa faida yake: alipofanikiwa katika uwakili alinunua mashamba mengi yaliyokuwa zamani ya monasteri ya Strata Florida, hata milki ya Trawsgoed ikawa kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Sitaki kumpamba mtu huyu. Alikuwa mwenye ardhi kama wenye ardhi wenzake, na hakuna dalili kwamba maskini wa bonde la Ystwyth waliiona milki ile ikipanuka kwa furaha.

Jambo lililomgeuza, kwa rai yangu, lilikuwa urafiki wake na John Selden. Huyu Selden alikuwa bahari ya elimu. Alisoma sheria za Kiingereza, za Kirumi na za Kiyahudi, akajifunza Kiebrania na Kiarabu, na mwaka 1642 akachapisha matini ya Kiarabu kutoka katika tarikhi ya Sa'id ibn Batriq, patriarki wa Alexandria, pamoja na tafsiri yake ya Kilatini, jambo ambalo katika London ya siku zile lilikuwa adimu kama theluji ya Mombasa. Fauka ya elimu hiyo alikuwa mtu aliyewahi kutiwa kifungoni kwa ajili ya maneno aliyoyasema Bungeni katika mwaka 1629, naye hakutaka kutoka kwa masharti aliyoyaona hayana msingi katika sheria. Vaughan alikuwa mdogo wake kwa karibu miaka ishirini, na walipendana kama mwalimu na mwanafunzi wanavyopendana pale mwanafunzi anapothubutu kumjibu mwalimu. Mwaka 1653 Selden alikitabarukia kitabu chake kimoja kwa jina la Vaughan, na alipofariki mwaka uliofuata wasii wake walikuwa wanne, mmoja wao akiwa Vaughan na mwingine Matthew Hale, ambaye naye alikuja kuwa jaji mkuu. Na wasii hao ndio walioipeleka maktaba yake, maelfu ya vitabu na miswada, katika nyumba ya vitabu ya Bodleian ya Oxford. Kwa Selden, Vaughan alijifunza kwamba sheria ina asili na tarehe, kwamba neno la mfalme au la jaji si sheria kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa, na kwamba mwenye kudai mamlaka sharti aonyeshe waraka.

Aliingia Bungeni mara ya kwanza mwaka 1628 kwa ajili ya miji ya Cardigan, akachaguliwa tena mara mbili katika mwaka 1640, mwaka ambao lilikusanyika lile Bunge Refu lililokuja kumpiga vita Mfalme Charles wa Kwanza. Vaughan hakuwa mtu wa mfalme kwa kila jambo wala mtu wa Bunge kwa kila jambo, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe watu wa namna hiyo hawapati pa kusimama. Alijitenga na Bunge, na mwaka 1645 Bunge likamvua kiti chake. Kisha mfalme akakatwa kichwa mwaka 1649, ukaja utawala wa Cromwell, na Vaughan akarejea Trawsgoed akaketi huko bila kufanya uwakili miaka yote ile, kwa kuwa hakuona uhalali wa mahakama zilizokuwa zikihukumu kwa jina la dola asiyoitambua. Hiyo ni miaka ya utu uzima wa mtu, miaka ambayo mawakili wenzake walikuwa wakijijengea jina na mali, naye aliitumia kwa vitabu na mashamba. Wako watakaosema alikuwa na mali, kwa hiyo kukaa kimya hakukumgharimu. Ni kweli alikuwa nayo. Lakini kwa mwenye kibri kupenda kusikilizwa ni kama njaa, na huyu aliivumilia njaa hiyo zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 1660 ufalme uliporudi, alirudi naye, na kuanzia 1661 alikuwa mjumbe wa mkoa wa Cardigan katika Bunge jipya. Lord Clarendon, waziri mkubwa wa Charles wa Pili, alikuwa rafiki wa ujana wake tangu siku walipokuwa wote wakiketi na Selden, akataka kumpa ujaji, Vaughan akakataa. Clarendon katika kumbukumbu zake amemweleza kwa wino mchungu, kwamba alikuwa mtu wa vipawa vikubwa na elimu kubwa, lakini mwenye kujiona na kuwadharau wenziwe. Na msomaji afahamu kwamba maneno hayo yameandikwa na mtu aliyekuwa uhamishoni, baada ya Vaughan kuwa miongoni mwa wale waliosimama kidete Bungeni mwaka 1667 kutaka ashitakiwe. Ushahidi wa mwenye kidonda hupokewa kwa hadhari, ingawa sidhani kwamba ulikuwa uongo.

Ushahidi mwingine umetoka kwa mtu asiyekuwa na kidonda. Samuel Pepys, karani wa Idara ya Manowari, ambaye shajara yake imetuhifadhia London ya miaka ile kwa uhai wa ajabu, ameandika katika mwezi wa Machi 1664 juu ya mjadala wa kuifuta sheria ya mwaka 1641, iliyomlazimisha mfalme kuita Bunge angalau kila baada ya miaka mitatu na iliyoweka njia ya Bunge kukutana hata kama yeye hataki. Mfalme aliichukia sheria hiyo. Vaughan aliingia mjini siku ile ile kutoka safarini, akasimama, akahutubu kwa muda wa saa moja na nusu akiitetea, kwa hoja na balagha iliyomstaajabisha kila aliyesikia. Kisha kura zikapigwa akashindwa. Waliomsikiliza walikuwa wengi wao wafuasi wa mfalme waliochaguliwa katika msisimko wa kurudi kwake, na Vaughan alijua hivyo kabla ya kufumbua kinywa. Hata hivyo alizungumza saa moja na nusu.

Kisa kilichompa jina kilianza Jumapili ya tarehe 14 Agosti 1670 katika njia ya Gracechurch, mjini London. Bunge lilikuwa limepitisha mwaka huo sheria kali ya kuzuia mikutano ya ibada isiyofuata kanuni za Kanisa la Uingereza, na Wakweka, wale ambao kwetu Magharibi ya Kenya hujulikana kwa jina la Marafiki tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902, walikuta mlango wa nyumba yao ya ibada umefungwa na kulindwa na askari. Basi wakasali njiani. Aliyesimama kuwahubiria alikuwa William Penn, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 26, mwana wa amiri mashuhuri wa manowari, yule ambaye baadaye aliianzisha Pennsylvania. Na pamoja naye alikamatwa William Mead, mfanya biashara wa nguo za kitani. Walishitakiwa kwa mkusanyiko haramu wenye fujo, wakapelekwa Old Bailey mbele ya Meya wa London, Sir Samuel Starling, na hakimu wa mji, John Howell.

Kesi hiyo ilianza vibaya, ikaendelea vibaya zaidi. Washitakiwa walipoingia walivuliwa kofia na watumishi. Mahakama ikaamuru warudishiwe kofia vichwani. Kisha, wakiwa wamezivaa kwa amri ya mahakama yenyewe, wakatozwa faini ya marki 40 kila mmoja kwa kutozivua, maana Wakweka hawakuwa wakimvulia kofia mwanadamu. Penn aliuliza ameshitakiwa kwa sheria gani, akajibiwa kwamba ni sheria ya mila ya nchi. Akauliza iko wapi, kwa kuwa kama ni ya watu wote haiwi vigumu kuionyesha. Hakupata jibu isipokuwa makemeo, na hatimaye yeye na mwenziwe wakaondoshwa wakawekwa pembeni mahali wasipoweza kuyasikia vema maneno waliyopewa wanajuri.

Hao wanajuri ni raia 12 wa kawaida walioapishwa kuamua kama mshitakiwa ana hatia au hana. Walikwenda faraghani wakarudi hawajapatana: wanane wanakubali, wanne wanakataa, na mkuu wa wanaokataa anaitwa Edward Bushell. Meya na hakimu wakamtisha Bushell kwa jina lake, wakawarudisha wote. Safari hii wakaja na neno moja: Penn ana hatia ya kusema katika njia ya Gracechurch. Wakaulizwa, kusema katika mkutano haramu? Wakajibu kwamba hawana zaidi. Kusema njiani si kosa, kwa hiyo jibu hilo halikuwa hatia wala halikuwa uhuru, nalo lilikuwa na hekima yake, kwa kuwa watu hawa walikuwa wakisema lile tu ambalo ushahidi umelithibitisha. Mahakama ikakataa kulipokea. Walifungiwa usiku kucha bila chakula, bila kinywaji, bila moto, bila tumbako, hata bila chombo cha kujisaidia. Jumapili wakaletwa tena, wakarudia lile lile. Wakafungiwa usiku wa pili. Jumatatu tarehe 5 Septemba wakaletwa wakiwa wamedhoofika, na msemaji wao Thomas Vere akatamka kwamba washitakiwa wote wawili hawana hatia. Hakimu akawaita mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja akajibu vivyo hivyo.

Hapo mahakama ikawatoza faini wanajuri wenyewe, marki 40 kila mmoja, yaani zaidi ya pauni 26, fedha ambayo fundi wa London asingeiweka akiba kwa miaka, na ikaamuru wakae gereza la Newgate mpaka walipe. Penn na Mead nao, ijapokuwa wameachiliwa, wakarudishwa gerezani kwa ajili ya faini ya kofia. Katika wanajuri wale 12 wako waliolipa, na siwalaumu, kwa kuwa walikuwa na watoto na maduka. Wanne hawakulipa: Bushell, John Hammond, Charles Milson na John Baily. Wakaomba hati ya habeas corpus, ile inayomlazimisha mlinzi wa gereza kumleta mfungwa mahakamani na kueleza kwa sababu gani amemzuia. Nao wakaiomba katika Mahakama ya Common Pleas, ambayo tangu Mei 1668 Jaji Mkuu wake alikuwa Sir John Vaughan, aliyeukubali hatimaye ujaji akiwa na umri wa miaka 64.

Mambo haya hayakuwa mageni kwake. Mwaka 1667 Bunge lilikuwa limemwita mbele yake Sir John Kelyng, Jaji Mkuu wa King's Bench, kwa kuwatoza faini na kuwatisha wanajuri waliokataa kumfuata, na kwa kuidharau hadharani Magna Carta; na Bunge likaazimia kwamba kuwatoza wanajuri faini kwa ajili ya uamuzi wao ni kinyume cha sheria. Azimio lakini si sheria kamili, na Kelyng alirudi kitini pake. Vaughan alikuwa mjumbe wa Bunge lile lile. Sasa, miaka mitatu baadaye, jambo lilifika mezani pake likiwa na sura ya watu wanne waliokaa gerezani yapata miezi miwili.

Jawabu la mlinzi wa gereza lilikuwa kwamba wanajuri hao wamefungwa kwa kuwaachilia washitakiwa kinyume cha ushahidi kamili na dhahiri na kinyume cha maelekezo ya mahakama juu ya sheria. Vaughan alilishika jawabu hilo akalifungua mshono kwa mshono. Ushahidi gani? Mahakama inayotakiwa kupima kama kifungo ni halali haiwezi kupima kitu isichoonyeshwa. Kusema ushahidi ulikuwa dhahiri bila kuutaja ni kuiambia mahakama ya juu ikubali rai ya mwingine kama imani, naye hakuwa mtu wa kukubali rai ya mwingine kama imani. Tena majaji hawakuambiwa kwamba wanajuri wenyewe waliujua ushahidi kuwa dhahiri kisha wakaukana kwa ufisadi. Na mtu asiyeuona ushahidi kuwa dhahiri hakukosa kwa kutouona.

Kisha akafika kwenye maelekezo ya sheria, na hapa ndipo uwakili wake unapong'aa. Sheria, alisema, haielekezwi hewani. Jaji hawezi kusema sheria inataka nini mpaka ajue jambo gani limetendeka, na anayejua limetendeka lipi ni juri. Ikiwa jaji atayapima mambo yenyewe, akaamua yalivyotendeka, kisha akawaamuru wanajuri waseme kama yeye, basi juri imekuwa taabu na gharama isiyo na faida yoyote, na ingefaa ifutwe. Akaongeza kwamba wanajuri hutolewa katika jirani ya jambo lilipotokea kwa makusudi, ili wawe na maarifa ambayo jaji hana: pengine wanamjua shahidi kuwa mwongo, pengine wanamjua mshitakiwa.

Lakini hoja iliyo kubwa kuliko zote haikuwa ya kisheria, ilikuwa ya maumbile ya binadamu. Aliuliza ni lipi lililo la kawaida zaidi kuliko watu wawili, wanafunzi wawili au mawakili wawili au hata majaji wawili, kusoma maandiko yale yale au kusikia maneno yale yale na kutoka na rai mbili zilizo mbali, wote wawili kwa dhamiri safi. Na kama jaji hatiwi gerezani kwa kuhitilafiana na jaji mwenziwe, kwa nini mwanajuri atiwe kwa kuhitilafiana na jaji? Akaendelea kueleza kwamba jinsi mtu asivyoweza kuona kwa jicho la mwenziwe wala kusikia kwa sikio lake, ndivyo asivyoweza kufikia hitimisho kwa fahamu ya mwenziwe, na kwa hiyo mwanajuri aliyekula kiapo kusema kweli hawezi kukitimiza kiapo chake kwa kusema anachokiona mwingine. Mwenye kumlazimisha anamlazimisha kuapa uongo.

Mtu anayeisoma hukumu hiyo kwa utulivu huona kwamba kibri cha Vaughan na insafu yake vilitoka katika chemchemi moja. Yeye aliyekuwa akijua tangu ujana wake kwamba hakuna mtu angeweza kumfikiria mawazo yake, yeye aliyekaa Trawsgoed zaidi ya miaka kumi kwa kukataa kuungama uhalali asiouona, aliwatazama watu wanne wa London na akatambua kwamba wao nao wako hivyo hivyo. Hakuwasifu. Hakusema kwamba Penn alikuwa na haki ya kuhubiri, wala hakuigusa dini ya Wakweka, na sidhani kwamba aliipenda. Alibagua pia kwa uangalifu baina ya makosa ya mwenendo na uamuzi wenyewe: mwanajuri anayekula chakula kilichokatazwa, au anayetoroka, au anayesemezana na mmoja wa wadai, aadhibiwe, lakini lile alilolifikia akilini mwake akalisema kwa kiapo, hilo halina hakimu juu yake duniani. Majaji wa Uingereza walipokutana kushauriana, karibu wote waliafikiana naye. Wale wanne wakafunguliwa.

Haifai kuificha kasoro iliyomo. Hoja ya wanajuri kujua mambo ya jirani zao kwa siri ilikuwa tayari inazeeka wakati ule, na leo mwanajuri anayemjua mshitakiwa huondoshwa kwa sababu ile ile ambayo Vaughan aliihesabu kuwa ni sifa yake. Hoja ya dhamiri ndiyo iliyobaki. Katika Old Bailey ya leo kuna kibao cha mawe kinachowakumbuka Vere, Bushell na wenzao kumi kwa ushupavu wao, na kinalitaja jina la Vaughan pia. Na mwaka 2024, mwanamke mmoja alipotakiwa kushitakiwa kwa kusimama nje ya mahakama ya London akishika bango la kuwakumbusha wanajuri haki hiyo, Mahakama Kuu ilikataa kuiruhusu kesi iendelee, na hukumu ya mwaka 1670 ilikuwa katika yale yaliyozingatiwa.

Kuna maandishi yake mengine ambayo Waingereza huyapita na mimi siwezi kuyapita. Mwishoni mwa mjalada wa hukumu zake imo risala juu ya swali hili: je, hati za mahakama za Westminster zinaweza kumwita mtu wa Wales kutoka kwao? Sheria ya mwaka 1543 ilikuwa imeipa Wales mahakama zake za Great Sessions, katika mikoa 12 iliyogawanywa katika mizunguko minne, zikikaa mara mbili kila mwaka karibu na watu. Lakini mahakama za London, zilizopata ada katika kila kesi, zilikuwa zikijinyoosha kidogo kidogo na kuwaita Wawelisi wakajibu madai mwendo wa siku nyingi kutoka nyumbani. Vaughan alirudi nyuma mpaka zama za Edward wa Kwanza, akafuata nyaraka moja baada ya nyingine kwa mtindo aliofundishwa na Selden, akaonyesha kwamba Wales haikuwa sehemu ya ufalme wa Uingereza kwa asili yake, kwamba kila mamlaka ya Uingereza ndani yake ilitokana na sheria maalumu ya Bunge, na kwamba pasipokuwa na sheria hiyo hati ya Westminster ikifika mpaka wa Wales haina nguvu. Mtu huyo alikuwa ameketi kitini mwa moja ya mahakama zile zile zilizokuwa zikifaidika. Hakuandika kwa machozi ya uzalendo. Aliandika kama wakili anayedai waraka. Hata hivyo, kwa mkulima wa bonde la Ystwyth, waraka huo ulikuwa na thamani kuliko machozi. Mahakama za Great Sessions ziliishi hadi mwaka 1830, zilipofutwa na Bunge, na Wawelisi wakaingizwa katika mizunguko ya majaji wa Uingereza.

Vaughan alifariki tarehe 10 Desemba 1674 akiwa bado jaji, akazikwa katika kanisa la Temple, London, karibu na kaburi la Selden. Mwanawe Edward alizikusanya hukumu zake akazichapisha mwaka 1677, na hati za milki ya Trawsgoed zimehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth, kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Mwaka ule ule wa 1677 John Hammond, mmoja wa wale wanne, alikuwa mahakamani tena. Alimdai hakimu Howell fidia kwa kifungo cha bure. Majaji wa Common Pleas walikubali kwamba kumfunga lilikuwa kosa, lakini wakasema jaji aliyekosea katika kazi yake ya ujaji hashitakiwi na aliyemwumiza, na Hammond akaenda zake bila senti. Kwa hiyo kanuni mbili zilisimama pamoja: mwanajuri haadhibiwi kwa rai yake, wala jaji halipi kwa rai yake. Nimeifikiria hukumu hiyo ya pili mara nyingi na sijaweza kuridhika nayo, ingawa nafahamu kwamba jaji anayeogopa kudaiwa kila jioni hawezi kuhukumu kila asubuhi.

Sheria hiyo ya mila ya Waingereza ilifika kwetu kwa amri za kifalme, Kenya ikiihesabu kuanzia tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika kuanzia tarehe 22 Julai 1920. Habeas corpus ilikuja nayo, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka katika haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Juri haikuja nayo, au tuseme ilikuja kwa baadhi ya watu: katika Kenya ya wakoloni Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa mbele ya wanajuri, na Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao waliulizwa rai yao mmoja mmoja, nayo haikumfunga jaji. Kenya iliwafuta wazee hao mwaka 2007, na Tanzania katika miaka ya karibuni imemwachia jaji hiari ya kukaa nao au kutokukaa nao. Katika miaka yote waliyoketi mahakamani kwetu, mzee wa baraza aliyehitilafiana na jaji hakufungwa wala hakutozwa faini. Rai yake iliandikwa katika jalada, jaji akaeleza kwa nini haifuati, na hukumu ikatoka kama alivyotaka jaji. Vaughan asingaliona adhabu hapo ya kuifuta, lakini swali lake lingalikuwapo bado: kama rai ya mzee haiwezi kubadili neno lolote, aliitwa kwa ajili gani?